Mbali kwa miguu, karibu kwa rula

Mwenyekiti wa bodi ya mji inayotoa vibali vya matumizi ya ardhi aliniuliza kwa upole tu, "Watoto huwa wanafika hapo kanisani siku zipi?"

"Kila siku," nikajibu.

Akanishukuru, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita anayefuata. Nikarudi kwenye kiti. Watu wawili wa kwaya wakanipiga begani, na mchungaji, aliyekuwa mstari wa mbele, akageuka akaniitikia kwa kichwa kama kocha aliyeona penalti imeingia.

Watoto hawafiki kila siku.

Wanafika Jumapili, saa nne mpaka saa saba, na Jumatano mojamoja mwezi Desemba unapokaribia na mazoezi ya igizo la Krismasi yameanza. Siku zilizobaki jengo letu lina kufuli. Ndani mna viti vya plastiki, ngoma mbili, na kinanda chenye vibao vitatu visivyolia.

Wiki zimepita tangu niseme maneno yale mawili. Nimejaribu kuyasahau kazini, nimejaribu kuyasahau nikiendesha gari, nimejaribu hata kujishawishi kwamba nilimaanisha kila siku ya ibada. Hayasahauliki.

Bahasha

Mimi ndiye katibu wa kanisa, kwa hiyo bahasha niliifungua mimi. Mji wetu sitautaja. Ni mmoja wa ile miji ya viwanda vya zamani hapa Massachusetts, ambako siku hizi ukiingia dukani kutafuta unga wa ugali utasikia Kiswahili cha nchi nne. Halmashauri ilikuwa inatuarifu kwamba kuna kampuni imeomba kibali maalumu cha kufungua duka la bangi ya tiba kwenye jengo lililokuwa la matairi, ng'ambo ya barabara yetu.

Sheria ya jimbo inataka majirani walio ndani ya futi 300 waandikiwe kabla ya kikao. Futi 300 ni kama mita 90. Kwetu sisi hazifiki hata hizo. Mtoto ukimtuma kule kwenye matairi, anarudi kabla kitunguu hakijabadilika rangi.

Nikaipiga picha barua, nikaitupia kwenye kundi la WhatsApp.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Sisi tuliokulia Tanzania tunajua neno bangi linavyosikika masikioni. Nyuma yake kuna polisi, kuna taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mashamba ya Arumeru au Tarime yakiteketezwa, kuna mama wa nyumba ya tatu anayelia kwa ajili ya mwanawe. Neno tiba halijawahi kukaa jirani nalo. Jioni ile ile ikapatikana karatasi ya sahihi, na kufikia Jumapili ilikuwa na majina 61. La kwangu la pili, chini ya la mchungaji.

Sikuisoma mpaka mwisho kabla ya kusaini. Hilo nalo nalikiri.

Mfereji

Nilikwenda kwenye kikao nikitegemea mjadala wa dhambi, au angalau wa afya. Nilikuwa nimeandaa mistari miwili ya Biblia na habari ya kijana mmoja wa Morogoro ninayemfahamu.

Ajenda ilianza na mtu aliyejenga uzio ukapita kimo kinachoruhusiwa. Dakika arobaini za uzio. Akafuata daktari wa meno anayetaka kuongeza maegesho. Ndipo ikaja zamu yetu, na hakuna hata mjumbe mmoja aliyeuliza kama bangi ni njema au mbaya. Waliuliza magari yataingia mangapi kwa saa, taa za nje zitazimwa saa ngapi, lori la mzigo litapita mlango upi, bango litakuwa na upana gani. Kwetu baa na msikiti vinaweza kutenganishwa na mtaro wa maji machafu, na mwenye malalamiko anaambiwa aende kwa mtendaji. Hapa watu wazima walibishana dakika kumi kuhusu kichaka cha kuficha mapipa ya taka.

Kisha akasimama mpimaji wa kampuni, akatandaza ramani.

Kanuni za jimbo zinataka duka la namna hii likae angalau futi 500 kutoka shule, na zinaeleza hadi jinsi ya kupima: kutoka katikati ya mlango wa duka hadi katikati ya mlango wa shule, kwa mstari ulionyooka. Nyuma ya jengo la matairi kuna shule ya msingi. Kwa rula, akasema mpimaji, ni futi 430. Kwenye viti vyetu pakasikika "Haleluya" ya chini chini.

Hakuwa amemaliza. Akaweka kidole kwenye mstari wa bluu. Ni ule mfereji wa zamani, uliochimbwa kuzungusha mitambo ya viwanda, na una uzio pande zote mbili. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba katikati pakiwa na kizuizi kisichopitika, kama barabara kuu au maji, rula inawekwa kando na umbali unahesabiwa kwa njia ambayo mtu anaweza kuipita. Ukizunguka hadi darajani na kurudi upande wa pili, zilikuwa futi 1,180.

Shule ile ile, duka lile lile, na katikati maji ambayo bata wanayavuka bila kumwuliza mtu.

Shule ikawa imetoka kwenye hesabu. Likabaki kanisa. Kwa kanuni za jimbo, kanisa si shule. Lakini zile za mwanzo, za mwaka 2013, zilitaja pia vituo vya kulelea watoto na mahali popote ambapo watoto hukusanyika mara kwa mara. Mji wetu uliyanakili maneno hayo kwenye sheria zake ndogo na haujayafuta hadi leo.

Sasa mnaelewa kwa nini mwenyekiti aliniuliza lile swali. Hakuwa anapiga soga. Alitaka kujua "mara kwa mara" yetu ni mara ngapi.

Mguu wa serikali

Aliyenifuata kwenye kipaza sauti alikuwa mzee Mzungu mwenye fimbo na kofia ya maveterani wa Vietnam. Alitembea polepole hadi watu wakaacha kunong'ona.

"Nina mguu mmoja wangu na mmoja wa serikali," akaanza. "Wa serikali hauumi."

Alisema maumivu ya mguu usiokuwepo yanamwamsha saa tisa usiku, kwamba vidonge vya hospitali viliwahi kumfanya asiwatambue wajukuu wake, na kwamba duka la tiba analolitumia ni mwendo wa dakika hamsini kwa gari. Mjumbe mmoja akamwuliza mbona asiende duka la bangi ya starehe, lililopo mji wa jirani tu. Yule mzee akacheka kidogo. Kule, akasema, analipa kodi, na wenye kadi ya mgonjwa hawalipi. Kodi za jimbo na za mji pamoja zinaweza kufika asilimia 20. Pia kule muuzaji ni kijana anayemwuliza anataka kusikia raha gani.

"Sitaki kusikia raha," akasema. "Nataka nisisikie kitu."

Alipopita karibu na kiti changu alisema samahani, kwa sababu fimbo yake iligusa kiatu changu.

Ufunguo uko wapi

Nyumbani sikulala. Nikafungua kompyuta na kuanza kusoma, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya kabla ya kusaini.

Wananchi wa Massachusetts walipiga kura ya bangi ya tiba Novemba 2012, na karibu asilimia 63 wakasema ndiyo. Sheria ikaruhusu maduka hadi 35 kwa mwaka wa kwanza, na kila kaunti ipate angalau moja. Duka la kwanza kabisa lilifunguliwa Salem, Juni 2015. Piga hesabu. Watu walioambiwa Novemba 2012 kwamba dawa imeruhusiwa walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila pa kuinunulia.

Sababu za kuchelewa ni nyingi, na mojawapo ni sisi. Nasema sisi nikimaanisha wakazi wenye kukaa kwenye viti vile vya chuma. Mji wa Wakefield ulijaribu kupiga marufuku maduka hayo moja kwa moja. Machi 2013 mwanasheria mkuu wa jimbo wakati huo, Martha Coakley, akasema haiwezekani: mji hauwezi kuyakataa kabisa, ila unaweza kupanga yakae wapi na kwa masharti gani.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona ujanja. Haturuhusiwi kukataa, lakini tunaruhusiwa kuchagua mahali. Chora duara kuzunguka shule, lingine kuzunguka bustani, lingine kuzunguka mahali watoto wanapokusanyika, na ramani ikijaa umekataa bila kutamka neno. Mahali panapobaki ni nyuma ya jaa, au chini ya daraja la barabara kuu, ambako basi halifiki na mzee wa fimbo hafiki.

Na kila panapokuwa na mlango mwembamba hutokea mtu wa kusimama mlangoni. Kampuni zilitakiwa kupata barua ya mji ya kuunga mkono au ya kutopinga. Huko Fall River meya kijana, Jasiel Correia, aligeuza barua hizo kuwa bidhaa. Alikamatwa 2019, na mwaka 2021 baraza la mahakama likamtia hatiani kwa kuwakamua rushwa wafanyabiashara wa bangi. Akapewa miaka sita jela. Niliposoma habari hiyo nilijisikia nimerudi nyumbani, na sisemi hivyo kwa fahari.

Nguruwe sebuleni

Usiku wa pili nilisoma zaidi, na hapa ndipo nilipokwama.

Mamlaka ya miji ya Marekani kugawa ardhi kwa matumizi yana mzizi kwenye kesi ya mwaka 1926, mji wa Euclid, Ohio, dhidi ya kampuni ya ardhi ya Ambler. Mahakama Kuu ya nchi iliupa mji haki. Jaji Sutherland aliandika kwamba kero inaweza kuwa kitu chema kilichokaa mahali pasipo pake, kama nguruwe sebuleni badala ya zizini. Nilicheka, nikasema hata sisi tungeelewana na jaji huyu.

Nikaendelea kusoma, kicheko kikaisha. Katika hukumu hiyo hiyo, jengo la vyumba vya kupanga linaitwa kupe. Mahakama ilikubali kwamba majengo ya wapangaji yakiingia mtaa wa nyumba za familia moja moja yananyonya hewa na mwanga wa wenzao, na mji una haki ya kuyaweka mbali.

Mimi nakaa jengo la wapangaji. Ghorofa ya tatu. Nusu ya kanisa letu inakaa majengo ya namna hiyo.

Kuna jingine ambalo wazee wa kanisa walinisimulia nilipohamia hapa na ambalo sikuwahi kulifikiria vizuri. Tuliponunua ghala ambalo sasa ndilo kanisa letu, majirani walikuja kwenye kikao cha bodi hii hii, pengine kwenye viti hivi hivi, kutupinga. Walisema maegesho. Walisema kelele za ngoma. Mmoja alisema hana ubaya na mtu yeyote, ila mtaa una mazoea yake. Tulishinda kwa sababu tangu mwaka 1950 sheria ya jimbo inaizuia miji kutumia mipango ya ardhi kuyafukuza makanisa na shule za dini. Wanaiita nyongeza ya Dover, kwa jina la mji uliojaribu kufanya hivyo. Bodi iliweza kutupangia maegesho, basi.

Kwa hiyo sisi, kupe wa Euclid na wageni wa ngoma, tulirudi kwenye chumba kile na rula mkononi.

Sisemi duka la bangi ni kanisa. Msinitafsiri vibaya kwenye maoni. Nasema tu kwamba niliposimama pale na kusema maegesho, nilikuwa natumia sauti niliyosimuliwa.

Mama Furaha

Baada ya kikao nilimpa lifti Mama Furaha. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, aliyekaa miaka kumi na moja kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, ndiyo maana nikimwambia shikamoo ananiitikia marahaba bila kusita, na Wakongo wenzake wanamtania kwamba Kigoma imemharibu.

Tulikuwa taa nyekundu ya pili aliposema, "Ile karatasi, miye sikuweka jina."

Nilijua. Mimi ndiye niliyehesabu majina.

"Saratani imeisha, Mungu asifiwe, lakini ile dawa ya saratani imeniachia moto mu miguu. Usiku nalala na miguu inje ya blanketi, na baridi hii ya kwenu."

Nikamwambia pole, mama. Taa ikawa kijani.

"Daktari aliniambia kuko hii dawa ya bangi. Akasema ataniandikia. Nikauliza mwanasheria wa wakimbizi. Akasema, mama, usiiguse mbele ya kula kiapo."

Kiapo ni cha uraia. Mwanasheria wake alikuwa sahihi, na wenzangu mnaosoma huku Marekani msikilize hapa, hata kama mengine mnayapitia juu juu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi kundi moja na heroini, na ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu mbele ya uhamiaji. Aprili 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo kwamba kuitumia bangi, au hata kufanya kazi kwenye biashara yake, panaporuhusiwa na jimbo, kunaweza kukunyima sifa ya tabia njema inayotakiwa ili upewe uraia. Kijana mwenye grini kadi aliyepata kazi ya kaunta kwenye duka lenye leseni zote anaweza kujibu maswali ya fomu kwa ukweli na akakataliwa. Nawajua wawili walioacha kazi hiyo baada ya kuambiwa.

Basi pima wewe. Kwa rula, mlango wa lile duka ungekuwa hatua chache kutoka kiti anachokalia Mama Furaha kila Jumapili.

"Sasa niko nangojea tu," akasema. Tulikuwa tumefika kwake. Akatoa mguu wa kulia nje ya gari, akatulia, kisha wa kushoto. "Wewe ulisema muzuri leo. Lakini watoto hawakujaka kila siku."

Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Tatu kwa mbili

Kura ilipigwa kwenye kikao kilichofuata. Wajumbe watano. Watatu wakasema ndiyo, wawili hapana.

Nikadhani kampuni imeshinda. Mchungaji naye alidhani hivyo, akaanza kukusanya koti lake. Kumbe kwa sheria ya hapa kibali maalumu mbele ya bodi ya watu watano kinahitaji kura nne. Tatu kwa mbili ni kushindwa.

Mjumbe mmoja wa hapana alitaja magari. Wa pili, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiandika muda wote, alisema alikuwa anaelekea kukubali, ila hawezi kupuuza ushahidi wa kanisa ambalo watoto wake wapo pale kila siku ya wiki.

Alisema hivyo akinitazama. Kwa heshima.

Watu wetu waliimba kwenye maegesho. Mimi nilikaa kwenye gari nikijifanya naongea na simu.

Wiki hiyo nilimwendea mchungaji nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akasema Mungu anaweza kutumia hata ulimi ulioteleza. Ni mtu mwema, alinilipia kodi ya nyumba mwaka nilipokosa kazi. Sikumjibu. Lakini najua tofauti ya kuteleza na kuruka, na mimi niliruka.

Na bado, ukiniuliza leo, sitaki duka lile mbele ya kanisa. Sijageuka. Naogopa vijana wetu watakaopita pale kila wiki, naogopa mazoea. Ila ningependa lishindwe kwa Jumapili saa nne hadi saa saba, kama kweli hiyo inatosha. Pengine isingetosha. Hilo ndilo lililonifanya niseme kila siku, nadhani. Niliona haitatosha.

Kampuni ikikataliwa ina siku 20 za kwenda mahakamani tangu uamuzi upokelewe kwa karani wa mji. Isipokwenda, kwa kawaida haiwezi kurudi na ombi lile lile kwa miaka miwili. Nilizihesabu siku hizo kwenye kalenda ya kanisa, ile yenye picha ya Ziwa Victoria.

Jana ilikuwa siku ya 17. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa jina langu mwenyewe, si la kanisa, nikataja siku na saa ambazo jengo letu hufunguliwa. Nakala moja kwa bodi, nyingine kwa mwanasheria wa kampuni. Mchungaji nilimtumia ujumbe asubuhi. Hadi sasa ameusoma, hajajibu.

Dirisha la karani lilikuwa na foleni ya watu waliokuja kulipia leseni za mbwa. Mbele yangu alikuwa mama mwenye mbwa mdogo mweupe aliyevalishwa sweta. Nilipofika, karani akaitazama barua juu juu, akashika mhuri.

"Ya kuunga mkono au ya kupinga?" akauliza.

Nikamwambia ni marekebisho ya nilichosema kwenye kikao.

Akatazama trei mbili zilizokuwa mbele yake, ya kuunga na ya kupinga. Akagonga mhuri wa tarehe, akaiweka juu ya fomu za mbwa, akamwita anayefuata.